"Hata mtoto angechora hii": Kwa nini wachoraji waliacha kuchora vitu

Shemeji yangu ni mchoraji wa mabango. Niseme alikuwa. Kwa miaka mingi, ukitoka Likoni hadi Ukunda, kuku wa kukaanga aliyechorwa mlangoni pa mkahawa, kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri kwenye ukuta wa kinyozi, changu aliyelala juu ya sahani, vingi vilikuwa kazi ya mkono wake. Kuku wake alikuwa kuku kweli; ungeona mafuta yaking'aa pajani. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Mwenye mkahawa hupeleka picha ya simu, na baada ya saa chache anarudi na kuku mkubwa kuliko yeye, kwa bei ambayo shemeji hawezi kununulia hata rangi. Siku hizi anapaka kuta za nyumba, kazi ikipatikana.

Mwezi uliopita alinipigia simu jioni. "Njoo umwone mpwa wako. Ameniharibia rangi."

Nilipofika nilionyeshwa kipande cha plaiwudi kilichoegemezwa ukutani uani, ukubwa wake kama mlango wa kabati. Chini kilikuwa cheusi. Juu ya weusi huo rangi nyekundu na ya chungwa zilikuwa zimeburutwa kwa kitu kipana, pengine kipande cha bati, na juu yake ilikuwapo michirizi myeupe iliyodondoka yenyewe. Hapakuwa na mtu, nyumba wala mti. Mpwa wangu, aliye Gredi ya 9, alisimama mlangoni akitazama vidole vyake vilivyokuwa bado na rangi. Nikamwuliza ni nini.

"Ni usiku ule nyanya alipokosa pumzi, mjomba," akasema. "Tulipokuwa tunangoja gari."

(Nyanya yuko salama, alhamdulillahi. Alikuwa ndani anakunywa uji na hakutaka kuulizwa maoni.)

"Nyanya yuko wapi hapo?" shemeji akauliza. "Mimi naona rangi imemwagika. Hata mtoto angechora hii."

Nilitaka kumwambia kwamba ni mtoto kweli aliyechora, lakini hakuwa katika hali ya mzaha. Na jambo lenyewe si la mzaha. Mpwa wangu anatakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya Sekondari Pevu. Yeye anataka Sanaa na Michezo. Baba yake anataka Sayansi. Na mzee huyu hasemi kwa ujinga. Ameishi kwa burashi, na burashi imemwacha njiani akiwa na watoto wanne. Hoja yake ni hii: kama sanaa ya kuchora kuku akafanana na kuku imeshindwa kumlisha, hii ya kuchora kisichofanana na chochote itamlisha nani?

Usiku ule nilibabaika. Nilijua nilichotaka kusema lakini maneno hayakukaa sawa. Nikamwahidi kwamba nitalijibu swali lake kwa maandishi, na kwa kuwa nimelisikia swali lilo hilo barazani na hata kwa walimu, nalijibu hapa hadharani.

Tuanze na ile mashine ya mabango, shemeji, kwa sababu hadithi yote inaanzia kwenye mashine.

Mwaka wa 1839 huko Ufaransa ilitangazwa rasmi njia ya kunasa picha kwa mwanga. Kabla ya hapo, aliyetaka sura yake ibaki baada ya kufa alimwita mchoraji. Mfalme alimwita, tajiri alimwita, hata mfanyabiashara wa kawaida alimwita aliye rahisi. Kamera ilipoenea, sehemu kubwa ya kazi hiyo ikaondoka. Wapo walioacha burashi wakawa wapiga picha. Wengine walibaki wakijiuliza swali ambalo wewe ulijiuliza uliposhuka kwenye ngazi yako mara ya mwisho: kama mashine inafanya kufanana kuliko mimi, kwa haraka kuliko mimi, mimi nimebaki na nini?

Jibu halikuja siku moja. Kwanza kina Claude Monet walisema wamebaki na mwanga, jinsi rundo la nyasi linavyobadilika asubuhi na jioni. Kisha wakaja waliosema wamebaki na moyo. Kamera inaweza kukuonyesha mtu aliyesimama darajani. Haiwezi kukuonyesha hofu iliyo ndani yake, isipokuwa usoni kidogo. Mnorwe Edvard Munch mwaka wa 1893 alichora mtu darajani ameshika masikio, mdomo wazi, na anga nyuma yake ni jekundu linalozunguka kama maji ya mkondo. Anga la Norway haliwi hivyo. Lakini hofu huwa hivyo. Kila aliyewahi kupokea simu ya saa nane za usiku anajua kwamba kwa muda mfupi hata ukuta wa chumba chako hubadilika.

Huo ndio mzizi wa kile kilichokuja kuitwa ekspreshonizimu. Mwaka wa 1905 katika mji wa Dresden, Ujerumani, wanafunzi wanne wa usanifu wa majengo, akiwemo Ernst Ludwig Kirchner, walianzisha kikundi walichokiita Die Brücke, yaani Daraja. Walichora nyuso za kijani, barabara za waridi, miili yenye kona kali. Walikata picha kwenye mbao kwa patasi na kuziacha zikiwa na mikwaruzo. Nao hawakutunga yote kichwani. Kwenye jumba la makumbusho la Dresden walikuta michongo iliyotoka visiwa vya Palau na vitu vya Kamerun, nchi zilizokuwa chini ya Wajerumani wakati huo, na wakaona kwamba wachongaji wa huko hawakuwahi kujifunga kwenye kufanana. Kichwa kinaweza kuwa kikubwa kuliko kiwiliwili kwa sababu kichwa ndicho chenye uzito. Kwa hiyo anayesema sanaa hii ni ya Wazungu na haituhusu, nusu ya maneno yake ni kweli. Hiyo nusu nyingine ilichukuliwa kwa meli.

Hata hivyo Kirchner alikuwa bado anachora watu. Unaona kofia, unaona miguu. Hatua ya kuacha vitu kabisa ilichukuliwa na wengine, na anayetajwa zaidi ni Mrusi aitwaye Wassily Kandinsky.

Kandinsky alisomea sheria. Alikuwa na kazi ya ualimu wa chuo kikuu ikimngoja alipoamua, akiwa na umri wa miaka 30, kuiacha na kwenda Munich kujifunza kuchora. (Mpwa wangu, usimwonyeshe baba yako aya hii.) Mwenyewe ameandika kwamba jioni moja aliingia chumbani kwake akaona mchoro mzuri ajabu usioonyesha kitu chochote, kisha akagundua ni wake mwenyewe, umewekwa kwa ubavu. Kesho yake mchana alijaribu kuupata ule uzuri tena asiweze, kwa sababu sasa alikuwa anavitambua vitu. Vitu ndivyo vilivyokuwa vinamzuia.

Kilichomsaidia kuvuka ni muziki. Mwezi Januari 1911 alihudhuria tamasha la mtunzi Arnold Schoenberg mjini Munich, na muda mfupi baadaye akachora picha iliyojaa manjano, yenye doa kubwa jeusi ambalo ni piano. Mwisho wa mwaka huohuo alitoa kitabu cha kutetea mambo ya roho katika sanaa. Hoja yake inaeleweka na mtu yeyote wa pwani aliyewahi kukaa kwenye taarabu. Kabla ya mwimbaji kuinuka, hupigwa bashrafu. Hakuna maneno. Fidla inalia, ganuni inajibu, na watu wazima wanatikisa vichwa, wengine machozi yanawalenga. Hakuna anayesimama kumwuliza mpiga fidla, "Hiyo ni sauti ya kitu gani? Ni ng'ombe? Ni gari?" Tunakubali kwamba sauti tupu, zikipangwa na anayejua, zinaweza kumwingia mtu moja kwa moja. Kandinsky aliuliza: kwa nini rangi inyimwe ruhusa hiyo?

Hii ndiyo sanaa ya dhahania. Si picha ya kitu iliyoharibika. Ni rangi, mstari na umbo vikifanya kazi bila kukiegemea kitu.

Kandinsky hakuwa wa kwanza wala peke yake, ingawa alipenda kudhaniwa hivyo. Huko Uswidi mwanamke aitwaye Hilma af Klint alikuwa anachora picha za aina hiyo tangu mwaka wa 1906, akazificha, akaacha wosia zisionyeshwe hadi miaka 20 ipite baada ya kifo chake. Mholanzi Piet Mondrian alifika kwa njia ya mti. Alichora mti mwekundu ambao unaujua ni mti, akauchora mwingine wa kijivu ambao matawi yamekuwa kama nyavu, kisha mtufaa uliochanua ambao ni mikunjo tu, hadi akabaki na mistari iliyonyooka. Ukizipanga picha hizo kwa mfuatano unaona mtu anayejua kuchora mti vizuri sana akiondoa jani moja baada ya jingine ili ajue mti utabaki na nini.

Hapo ndipo "hata mtoto angechora hii" inapoanza kuyumba. Wengi wa watu hawa walikuwa wanaweza kuchora kuku wako, shemeji. Waliamua kutomchora.

Sasa mtu wa Mji wa Kale au Lamu ataniambia: kwani hili ni geni kwetu? Tazama milango yetu. Tazama zidaka kwenye kuta za plasta za nyumba za Lamu na Pate: maua yasiyo maua, minyororo, duara ndani ya duara. Tazama kanga, pindo na mji wake. Hakuna anayeuliza yale madoa ni picha ya nini. Ni kweli. Jicho la pwani limezoea uzuri usio na sura kwa mamia ya miaka, na nadhani ndiyo maana babu zetu wasingeshtuka sana wakipelekwa mbele ya Mondrian. Lakini nisidanganye. Nakshi ya mlango ina kanuni, na fundi anazifuata kanuni alizopewa na mwalimu wake. Hatuambii siku yake ilikuwaje. Hawa wachoraji wa Munich na Dresden walitaka kutuambia siku yao ilikuwaje. Kwa hilo la pili, jirani wa karibu ni mchongaji wa Kimakonde. Wale mashetani waliochongwa kwa mpingo, mdomo umevutwa, jicho moja liko tumboni, na zile sanamu zinazoitwa mawingu, ambazo ni mpindo na uwazi tu, zinauzwa pwani nzima na watu hununua bila kudai zifanane na mtu.

Nimesema kwamba jambo hili si la mzaha, na sababu yangu kubwa ni yaliyotokea Munich mwezi Julai 1937.

Serikali ya Hitler ilikuwa imechukua maelfu ya kazi kutoka majumba ya makumbusho ya umma. Hitler mwenyewe aliwahi kutaka kuwa mchoraji na akakataliwa na chuo cha sanaa cha Vienna mara mbili. Alipenda picha zinazofanana: mkulima hodari, mwanajeshi, mama na watoto. Tarehe 18 Julai alifungua maonyesho makubwa ya picha za namna hiyo katika jengo jipya la fahari. Siku iliyofuata, si mbali na hapo, yakafunguliwa maonyesho mengine yaliyoitwa ya sanaa iliyopotoka. Humo kulikuwa na kazi zipatazo 650, zimebanwa katika vyumba vyembamba, nyingine zimetundikwa upande, kuta zimeandikwa maneno ya kejeli, na kando ya baadhi ya michoro bei iliyolipwa kwa fedha za umma ili mwananchi akasirike. Kirchner alikuwamo. Kandinsky alikuwamo. Kiingilio kilikuwa bure. Zaidi ya watu milioni 2 walipita Munich peke yake, wengi kuliko waliokwenda kwenye yale maonyesho mengine.

Maneno yaliyosemwa mbele ya michoro ile tunayajua. Ni yaleyale: upuuzi, wazimu, hata mtoto, wametuibia pesa. Sisemi kwamba anayecheka mchoro ni Nazi. Mimi mwenyewe nimecheka. Nasema serikali ile ilijua kicheko hicho kipo tayari kwa kila mtu, ikakitumia. Kirchner, aliyekuwa amehamia Uswisi, alisikia kwamba kazi zake zaidi ya 600 zimechukuliwa. Mwaka uliofuata alijiua. Emil Nolde alikuwa mwanachama wa chama hichohicho cha Nazi, na bado kazi zake zaidi ya 1,000 zilichukuliwa, baadaye akakatazwa kuchora kama kazi. Mwaka wa 1939 zilizoweza kuleta fedha za kigeni zikanadiwa Uswisi. Kwa nini dola yenye vifaru iogope mtu anayepaka uso rangi ya kijani? Nafikiri ni kwa sababu mchoro wa aina hii unasema kwamba mtu ana kitu ndani yake ambacho hakuna afisa anayeweza kukikagua.

Baada ya vita mji wa sanaa ukahama kutoka Paris kwenda New York, na huko yakachanganywa yale mawili, hisia za Wajerumani na udhahania wa Kandinsky. Wawili natosheka nao.

Jackson Pollock ndiye wa kumwagika. Kuanzia mwaka wa 1947, katika banda karibu na nyumba yake Long Island, alitandika turubai sakafuni, akalizunguka, akidondosha rangi kwa vijiti na burashi zilizokauka. Rangi yenyewe mara nyingi ilikuwa ya kupaka nyumba, shemeji, ya mkebe, kama yako. Mtu hudhani ni bahati nasibu. Jaribu. Chukua mkebe uliobaki, udondoshe juu ya kipande cha kadibodi kwa nusu saa, uone kama hukupata tope. Uzito wa rangi, kasi ya mkono, umbali kutoka chini, wakati wa kusimama. Wewe unayejua rangi inavyotiririka unajua ni ustadi gani huo kuliko mimi ninayeandika.

Mark Rothko alizaliwa mwaka wa 1903 katika mji ulio Latvia leo, akafika Marekani akiwa na umri wa miaka 10. Yeye alipaka mistatili miwili mitatu ya rangi, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, hadi kingo zikawa kama zinapumua. Mwaka wa 1958 alipewa kazi ya kupamba mkahawa wa matajiri New York. Alichora, kisha akaenda kula pale na mkewe, akarudi nyumbani akaivunja kandarasi na kurudisha pesa. Baadhi ya picha hizo sasa ziko London. Huko Houston kuna jumba la ibada la watu wa dini zote lenye picha zake 14 karibu nyeusi, lililofunguliwa mwaka wa 1971, yeye akiwa ameshafariki.

Sasa pesa, maana najua barazani wataniuliza. Mwaka wa 2012 mchoro mmoja wa Rothko uliuzwa kwa karibu dola milioni 87. Hapo mimi na shemeji tuko pamoja: bei hiyo haihusiani na moyo wa mtu, ni mchezo wa matajiri. Na kuna zaidi. Wakati wa Vita Baridi, shirika la kijasusi la Marekani, CIA, lilipitisha pesa kwa siri kwenye taasisi ya utamaduni iliyotangaza sanaa hii Ulaya kama ushahidi wa uhuru wa Marekani. Pesa za taasisi hiyohiyo zilifika kwetu: kituo cha Chemchemi kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1963 na mwandishi Ezekiel Mphahlele kilisaidiwa nayo, na jarida la Transition la Kampala pia. Pollock hakuchora kwa sababu ya majasusi. Lakini umaarufu wake ulibebwa na mikono mingi, na si yote iliyokuwa safi.

Kuna pia lile sokomoko la New York ambapo duka la sanaa lililodumu tangu 1846 liliuza picha bandia za kina Rothko na Pollock kwa jumla ya takriban dola milioni 80 kabla ya kufungwa mwaka wa 2011. Wapinzani wanalitaja kama ushahidi kwamba wataalamu hawajui lolote. Labda. Ila aliyeghushi hakuwa mtoto. Alikuwa mchoraji aliyefunzwa, na ilimchukua miaka kupata mkono huo. Mwaka huohuo wa 2011 watafiti wawili Marekani waliwaonyesha watu picha mbilimbili, moja ya msanii wa dhahania, nyingine ya mtoto au mnyama kama sokwe, wakawauliza ipi bora. Zaidi ya nusu ya mara walichagua ya msanii, hata majina yalipobadilishwa kwa makusudi. Si kila mara, wala si kwa tofauti kubwa mno. Lakini jicho linaona kitu.

Mimi mwenyewe sikushawishiwa na Pollock wala Rothko. Nilishawishiwa na Msudani.

Mwaka wa 2013 nilikuwa London kwa mambo ya kifamilia. Binamu yangu akanipeleka Tate Modern kuona maonyesho ya Ibrahim El-Salahi, nikaenda kwa adabu tu. El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka wa 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani, na mtoto alianza kushika kalamu kwenye ubao wa chuo, ule wa kuandika, kuhifadhi na kuosha. Baadaye alisoma London, akarudi Khartoum mwaka wa 1957 na ustadi wote wa Ulaya, akafanya maonyesho katika hoteli kubwa ya mji. Watu walikuja siku ya ufunguzi. Baada ya hapo hawakurudi.

Wengine wangewalaumu watu. Yeye akaacha kuchora, akazunguka nchi yake kutazama kile ambacho watu wake walikuwa wanaweka kwenye kuta zao. Akakuta herufi. Akaanza kuandika maneno ya Kiarabu kwenye kona za picha, na watu wakasogea. Kisha akaipasua herufi yenyewe. Akaondoa maana, akabaki na mkunjo, na ndani ya mkunjo akaona pembe ya mnyama, uso mrefu wa mtu, mlango. Nilisimama mbele ya picha hizo, mimi niliyechapwa chuoni kwa kukosea kuandika herufi jim, nikaitambua jim, kisha nikaipoteza, kisha nikaitambua tena ikiwa kama mtu aliyeinama. Shingo ilinisisimka. Binamu aliniuliza kama niko sawa.

Mwaka wa 1975 El-Salahi alifungwa miezi sita katika gereza la Kober bila kushtakiwa. Kuchora kulikatazwa. Alichora kwenye vipande vidogo vya karatasi na kuvifukia mchangani. Wazo alilotoka nalo gerezani, la picha inayoanza na kipande kimoja na kukua kila upande, alilitimiza miaka iliyofuata akiishi Qatar: vipande tisa vya wino mweusi, vinavyounganishwa kuwa picha moja kubwa kuliko ukuta wa sebule yangu. Hakuna askari anayetambulika usoni wala gereza lenye anwani. Ukiitazama unajua ni nini.

Hivyo ndivyo ninavyoutazama mchoro wa mpwa wangu. Sikuanza kwa "ni picha ya nini". Nilitazama jicho linaingilia wapi, nikaona linaingilia kwenye weusi na haliruhusiwi kupumzika. Ile rangi ya chungwa haijanyooka, imekatikakatika, kama mtu anayevuta pumzi akaikosa. Michirizi myeupe imedondoka kwa sababu ubao ulisimamishwa kabla rangi haijakauka; alijua itadondoka. Siwezi kuapa kwamba ni kazi kubwa. Ni kazi ya mtoto wa Gredi ya 9 aliyekaa sakafuni usiku kucha akisikiliza kifua cha nyanyake, na kama angechora mwanamke mzee kitandani, tungesema "mchoro mzuri" tukaendelea na chai.

Naye mpwa wangu nina neno lake. Kandinsky alijifunza kuchora farasi kabla ya kumwacha farasi. El-Salahi anaijua herufi kuliko sisi ndiyo maana aliweza kuipasua. Una mwalimu nyumbani anayeweza kufanya mafuta yang'ae kwenye paja la kuku kwa rangi tatu. Mwombe akufundishe kabla mikono yake haijachoka.

Kuhusu riziki, shemeji, sina jibu, na sitakutungia. Najua tu kwamba Sayansi nayo haijamlisha kila aliyeisomea. Wengine wako stejini Likoni wanaita abiria.

Jumapili nilimsomea rasimu hii uani. Alisikiliza hadi mwisho, akasema nimemtaja Hitler bila sababu na kwamba lile la CIA alilijua. Kisha akaliendea lile plaiwudi, akainama, akapitisha ukucha kwenye kingo za rangi.

"Mimi sikuwa na chungwa," akasema. "Nilikuwa na nyekundu na ile krimu ya jikoni tu. Hii ameipata wapi?"

Mpwa wangu akajibu kutoka mlangoni kwamba alichanganya nyekundu na manjano ya mistari ya barabarani, iliyobaki kwenye mkebe wa mwaka juzi. Baba yake akamwambia rangi ile haishikani vizuri na ya mafuta, itabanduka kabla ya mvua za masika, na angemwuliza kwanza. Wakaanza kubishana kuhusu kipimo. Fomu ya shule ilikuwa juu ya meza, chini ya kikombe, na inatakiwa Ijumaa.